Toyota imetuletea betri, haijatuletea kitabu chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Ilala, Dar es Salaam. Kazi hii niliianza mwaka 1989, mtaa wa Gerezani, nikiwa kijana wa kushika spana na kutumwa chai. Gari la kwanza nililoruhusiwa kuligusa peke yangu lilikuwa Toyota Stout ya kubebea mchanga, enzi za platini na kabureta, ambapo msasa kidogo na jicho zuri vilitosha kuliamsha gari lililolala. Nayataja haya ili msomaji ajue kuwa anayesema hapa hakusomea biashara ya magari. Nimekula, nimejenga na nimesomesha watoto wanne kwa kufungua Toyota na kuzifunga.

Wiki mbili zilizopita mlichapa makala iliyosema Toyota imelala fofofo huku Wachina na Wamarekani wakitimua mbio na magari ya umeme, na kwamba siku itakapoamka itakuta soko limeshahama. Kijana wangu mmoja aliisoma kwa sauti kijiweni, ubishi ukazuka mpaka chai ikapoa. Wenye bodaboda za umeme wakashangilia. Wenye Toyota IST za petroli wakanuna. Mimi nilikaa kimya siku ile kwa sababu nilikuwa na waya mdomoni, sasa nimeutoa.

Toyota haijalala. Desemba 1997 ilianza kuuza Prius kwao Japan, gari la kwanza la haibridi, yaani la petroli na umeme kwa pamoja, kutengenezwa kwa wingi duniani. Mwaka huo sisi hapa mjini tulikuwa tunagombania Corolla na Hiace za daladala. Ndani ya Prius waliweka injini ya petroli, mota, inverta (kifaa kinachougeuza umeme wa betri uifae mota) na betri kubwa nyuma ya kiti, wakavipatanisha vyote vifanye kazi bila abiria kusikia gari likishtuka. Nimezifungua gari za aina hiyo, nazijua. Gari la umeme tupu ni jepesi kulielewa kuliko haibridi: hakuna injini, hakuna tenki, hakuna ekzosi, kuna betri kubwa zaidi na tundu la kuchomeka. Aliyeweza lile gumu mwaka 1997 hakushindwa na hili kwa kukosa akili. Alipiga hesabu zake, akaamua kwenda taratibu.

Hesabu zenyewe hawakuzificha. Mwaka 2023 Toyota iliwaeleza wauzaji wake wa Marekani kwamba madini yanayoingia kwenye betri moja ya gari la umeme la masafa marefu yanatosha kutengeneza betri 6 za haibridi ya kuchomeka, au betri 90 za haibridi ya kawaida. Wakaongeza kwamba hizo haibridi 90, tangu kuzaliwa mpaka kufa kwake, zitapunguza hewa ya ukaa mara 37 kuliko lile gari moja la umeme. Ukiisikia mara ya kwanza unasema hawa watu wana akili. Ukiirudia usiku kitandani unaona kuna kitu kimerukwa. Hesabu hiyo inasimama ikiwa madini ndiyo yaliyoadimika. Wakati huohuo Wachina wamehamia betri za lithiamu na chuma, ambazo hazitaki kobalti wala nikeli, na bei yake imekuwa ikiteremka. Nao umeme wa kuchaji unatofautiana: wa makaa ya mawe si sawa na wa maji.

Upande wa fedha, hata hivyo, Toyota ilicheka. Mwaka 2023 Toyota na Lexus kwa pamoja ziliuza magari kama milioni 10.3. Ya umeme tupu yalikuwa kiasi cha 104,000 tu, yaani gari 1 katika 100. Haibridi zilikuwa karibu milioni 3.4. Hesabu za mwaka wao ulioishia Machi 2024 zilionyesha faida ya uendeshaji ya yeni trilioni 5.35, ambayo haikuwahi kupatikana katika historia ya kampuni. Ford, ambayo iliingia kwenye umeme kwa kishindo, ilipoteza dola bilioni 4.7 katika kitengo chake cha magari ya umeme mwaka 2023 peke yake. Kwa hiyo anayesema Toyota imelala aeleze kwanza huu usingizi wenye faida ni wa aina gani.

Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza kwenye ahadi, na kwenye kutajwa sisi.

Desemba 2021 Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro Toyoda aliyeanzisha kampuni, alisimama jukwaani Tokyo, nyuma yake kumepangwa magari ya umeme kama mabibi harusi. Akaahidi aina 30 za magari ya umeme ifikapo mwaka 2030, mauzo ya milioni 3.5 kwa mwaka, na yeni trilioni 4 za kuyafanikisha. Katikati ya 2022 gari lao jipya la umeme, bZ4X, likaingia sokoni, na baada ya muda mfupi wakalazimika kuyaita kama 2,700 yarudi. Kisa? Boliti za gurudumu zingeweza kulegea na gurudumu kuchomoka. Wenye magari wakaambiwa wasiyaendeshe kabisa. Nakiri mbele yako, Mhariri, kwamba siku niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana kijana nikimfundisha kazi siku ya kwanza namfundisha kukaza nati za gurudumu. Kumbe betri hawakushindwa, walishindwa na boliti. Watu waliozoea kutengeneza gari lilelile miaka 50 wakibadilisha kitu kimoja, vingine vyote vinatingishika.

Aprili 2023 Akio akawa mwenyekiti, Koji Sato akakaa kiti cha urais, lengo likawekwa upya: magari ya umeme milioni 1.5 kwa mwaka ifikapo 2026. Mwaka 2024 vyombo vya habari vya Japan vikaripoti kuwa limeshushwa hadi milioni 1 hivi. Kisha ipo ile betri isiyo na majimaji ndani, wanayosema itatembea hata kilomita 1,200 na kuchajiwa kwa dakika 10. Mwaka 2017 walisema itakuwa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2020. Oktoba 2023 wakashikana mikono na kampuni ya mafuta ya Idemitsu, wakasema sasa ni 2027 au 2028. Huko kwetu tunayo ahadi ya namna hii, ya fundi cherehani kwenye mkesha wa Idi. Kanzu itakuwa tayari. Njoo baadaye kidogo. Bado vifungo tu.

Sasa nije kwenye kutajwa kwetu. Kila Toyota inapoulizwa kwa nini inaenda taratibu, moja ya majibu yake ni kwamba dunia haifanani, kwamba kuna sehemu umeme hautoshi, na kwamba haitaki kumwacha mtu nyuma. Hizo sehemu ni sisi. Mwanzoni nilifurahi kukumbukwa. Baadaye nikajiuliza, lini walituuliza?

Umeme wetu naujua kwa sababu unanilisha. Mgao wa mwaka 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 ulinikalisha chini siku nzima, mashine ya kuchomelea imelala, chaja imelala, nami nimelala kwenye kiti cha nyuma cha Noah ya mteja. Lakini Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzunguka. Mitambo iko 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Bado unakatika, tena unakatika kwa dharau, lakini hatuko tena pale tulipokuwa. Na hesabu ya Luku mtoto wa darasa la saba anaiweza. Uniti 1 kwa mtumiaji wa kawaida ni shilingi 356 ukijumlisha na kodi. Gari dogo la umeme linakula uniti 15 hivi kwa kilomita 100, kama shilingi 5,300. IST kwa safari hiyohiyo inakunywa lita 7, na mwaka 2024 lita ilikuwa inazunguka karibu na shilingi 3,000. Ndiyo maana wenye bajaji na IST wanafunga mitungi ya gesi na kukesha kwenye foleni ya kujaza. Wameona mafuta yanawala. Hakuna kampuni ya magari iliyowafundisha kufanya hivyo. Mtu mwenye shida hasubiri mkakati wa Toyota kutoka Japan.

Tena majirani hawakusubiri. Volkswagen ilipeleka gari la umeme, e-Golf, Kigali mwaka 2019 kwa majaribio. Ethiopia ilitangaza Januari 2024 kuzuia kuingiza magari binafsi yasiyo ya umeme. Na hili litawachekesha wasomaji: kampuni iliyoanza kuuza magari ya umeme ya BYD, kampuni ya Kichina, huko Kigali na Nairobi ni CFAO, na CFAO inamilikiwa na Toyota Tsusho, ndugu wa damu wa Toyota. Kaka anasema Afrika bado, mdogo wake ameshafungua duka. BYD yenyewe ilianza mwaka 1995 ikitengeneza betri tu, wala si magari, na Toyota ilipotaka gari la umeme kwa ajili ya China, ile bZ3, ilichukua betri za BYD. Huyo hajalala, jamani. Huyo anaangalia kwa jicho moja.

Lakini ukweli wa gari letu hauko Nairobi wala Tokyo jukwaani. Uko kwa Mjapani fulani, mwalimu au karani, ambaye gari lake limefikisha miaka kadhaa, anaona gharama za ukaguzi wa serikali zinapanda, analiuza mnadani. Gari linapanda meli, linashuka bandarini kwetu, linapewa namba E. Kenya wao wameweka ukomo wa miaka 8, sisi tunaongezewa ushuru kadiri gari linavyozeeka, lakini mto ni uleule. Anachonunua Mjapani leo ndicho nitakachofungua mimi baada ya miaka 8 au 10. Na Mjapani hanunui gari la umeme tupu: ni kama 2 katika kila magari mapya 100. Ananunua haibridi. Serikali yao imesema ifikapo 2035 magari mapya yote yawe ya umeme, ila haibridi nazo zimehesabiwa humo. Kwa hiyo uamuzi wa Toyota wa kubaki na haibridi umeshatuamulia sisi maisha yetu ya barabarani mpaka miaka ya 2040. Hakuna aliyetuomba kura, lakini ndivyo ilivyo.

Na haibridi zimeshafika, Mhariri. Ziko nje ya gereji yangu sasa hivi ninapoandika, tatu.

Mwaka jana alikuja mama mmoja, muuguzi, na gari dogo la haibridi alilokuwa nalo miezi saba. Sitaitaja chapa wala dalali aliyemuuzia, maana barua hii si ya kushtaki mtu. Dalali alimwambia gari hilo linajichaji lenyewe na betri yake haifi. Kwenye dashibodi kulikuwa na pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao, gari halina nguvu, na nyuma ya kiti feni inanguruma kama jenereta la harusini. Alikuwa ameshapita gereji tatu. Ya kwanza ilimbadilishia ile betri ndogo ya volti 12. Ya pili ilimbadilishia plagi. Ya tatu ilimshauri waitoe betri kubwa awe anatembelea petroli tu, jambo lisilowezekana, kwa sababu gari la aina hiyo halina hata stata. Injini inaamshwa na mota inayokula kutoka betri hiyohiyo. Fundi wa tatu hakuwa mwizi. Hakujua. Nami miaka minne iliyopita ningeweza kumwambia hivyohivyo.

Nikatoa kiti cha nyuma. Pembeni ya kiti kuna tundu lenye vijimistari, ambalo abiria wengi hudhani ni la spika. Hapo ndipo betri inavutia hewa ya kupoa. Yule mama anaishi Chanika, anapita barabara ya vumbi kila siku, na kwenye lile tundu alikuwa akiegesha kigodoro cha mtoto. Feni ilikuwa imejaa vumbi na nyuzi za kanga mpaka mapanga hayaonekani. Betri imepikwa taratibu, kama maharage.

Betri za namna hiyo ni vipande vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu. Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza, kwa mfano, ina vipande 20, kila kimoja volti 7.2, jumla 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina 28, jumla 201.6. Sisi tunaviita seli ingawa kila kipande kina seli 6 ndani. Kimoja kikichoka kinawavuta wenzake wote, kama mgonjwa kwenye msafara. Ili kumjua, ninafunga balbu ya taa kubwa ya mbele kwenye kila kipande, nahesabu dakika mbili, naandika volti kabla na baada. Vipande 20, balbu moja, daftari la shule. Viwili vilishuka vibaya. Halafu zile shaba zinazoviunganisha zilikuwa zimeota ukijani kwa hewa ya chumvi ya pwani. Nikaziloweka kwenye siki usiku kucha. Siki ya achari, Mhariri, ya dukani. Zikatoka zinang'aa kama vyombo vya bibi harusi.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo bado linaniamsha usiku. Nyaya za umeme mkubwa kwenye haibridi zina rangi ya chungwa, na kabla ya kuzigusa unatakiwa uchomoe plagi maalum ya usalama, kisha usubiri dakika 10 mabaki ya umeme yaishe kwenye inverta, kwa sababu inverta huupandisha umeme kupita volti 500. Nilikwenda kuchukua simu. Niliporudi nilimkuta kijana wangu mmoja ameshika koleo, meno yake yamekaa juu ya waya wa chungwa, anataka kuukata ili apate nafasi ya kupitisha mkono. Plagi haijachomolewa. Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga hata kwenye msiba. Ana miaka 19. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia rangi ile maana yake nini, na ningemlaumu vipi, wakati mimi mwenyewe niliijua kwa video ya kijana wa Pakistan akieleza kwa Kiurdu, nikawa nafuata vidole vyake tu?

Hapo ndipo ninapotaka Toyota isimame tuelewane. Miongozo ya gereji ipo. Imeandikwa, imepangwa vizuri, kila boliti na ukazo wake. Kwa magari yanayouzwa Marekani unaweza kuinunua mtandaoni kwa dola, kwa muda mfupi au kwa mwaka. Aqua ya Japan haimo, kwa sababu Aqua iliuzwa Marekani kwa jina la Prius c. Mafundi tukagundua hilo wenyewe, tukachanga, tukanunua mwongozo wa Prius c tukausoma kama wa Aqua, na yule mwenetu mmoja aliyemaliza kidato cha sita akatutafsiria kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Glavu za mpira nilizovaa nilizinunua kwa fundi mstaafu wa laini za nguzoni. Hivi ndivyo haibridi zinavyohudumiwa katika jiji la watu mamilioni.

Najua watakavyojibu. Watasema: magari hayo hatukuwauzia sisi, yameletwa na wafanyabiashara wa mitumba, nendeni kwa wakala wetu na gari mlilonunua jipya. Kisheria wako sawa. Lakini jina la Toyota katika nchi hii halikujengwa na gari jipya. Waliojenga ni mafundi wa chini ya miti ya miembe waliojua kuifufua Corolla kwa waya na sabuni ya kipande. Mtu wa Sumbawanga hununua Toyota kwa sababu anajua ikimfia njiani pale Laela atapatikana mtu wa kuifungua na spea itatoka kwenye basi la jioni. Huo ndio utajiri wao hapa, na hawakuulipia hata shilingi. Ukija na gari ambalo fundi wa Laela akiligusa anakufa, umeukata mti uliokuwa unakupa kivuli.

Akio Toyoda alipokuwa mwenyekiti wa chama cha watengenezaji magari wa Japan alipenda kukumbusha kwamba sekta hiyo inaajiri watu milioni 5.5 nchini mwao, na kwamba adui ni hewa ya ukaa, injini haina kosa. Namwelewa kabisa. Anawatetea wachonga pistoni wake. Ila katika hao milioni 5.5 sisi hatumo, wala yule mwenye meza ya ringi na gasketi pale Gerezani hayumo, ingawa mkono wa mwisho kuligusa gari lake kabla halijawa chuma chakavu ni wetu.

Na sisi tusijifanye malaika. Zilipoingia giaboksi za CVT, otomatiki za aina nyingine, tulizijazia oili ya otomatiki ya kawaida, zikafa kwa mamia, tukasema Wajapani wameanza kutengeneza takataka. Kumbe tulikuwa tunaziua wenyewe kwa sababu oili yake ni nyingine na maandishi ya kwenye kijiti yalikuwa ya Kijapani. Naogopa tunarudia hadithi ileile, safari hii ikiwa na volti 500.

Ningependa, basi, serikali na wakala wa Toyota wakae pale chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, waweke haibridi mbili kuukuu mezani na mwalimu mmoja anayezijua, waache mafundi wa mitaani tuje jioni baada ya kazi. Cheti si lazima. Wenye vyeti tunao, wengine wanauza vocha. Tunataka kuiona plagi ya usalama ikichomolewa na mtu aliyefundishwa. Waturuhusu tuione miongozo ya magari ya Japan, hata kwa Kiingereza, tutatafsiri wenyewe.

Jambo la ukaguzi linawahusu zaidi wanunuzi kuliko mimi, lakini nalisema kwa sababu mimi ndiye ninayewaona wakilia. Magari ya mitumba ya Japan hukaguliwa. Wanaangalia breki, taa, mwendo uliosomwa kwenye mita, na baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima mwaka 2011 yalianza kupimwa hata mionzi. Tangu haibridi zianze kuja gereji kwangu sijawahi kuona karatasi hata moja inayosema betri yake imebaki na uhai kiasi gani. Kitu hicho kinapimika. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, simu inakuonyesha volti za betri, fungu kwa fungu la vipande, kwa dakika tano. Mimi ninacho, cha Kichina, na kinafanya kazi. Mnunuzi anayetoa mamilioni yake Bandarini anapewa karatasi ya rangi na mwaka wa gari, anaambiwa hongera.

Yule muuguzi nilimwambia ukweli: nimebadilisha viwili, vilivyobaki vina umri uleule, kimoja kingine kitafuata. Alitembea miezi mitano. Amerudi wiki iliyopita, pembetatu imewaka tena, safari hii ni kipande cha kumi na nne. Amekiondoa kigodoro, feni ni safi kabisa, betri imezeeka tu. Nimetafuta vipande vizuri mjini kote. Kila muuzaji na kinywa chake, na vyote vimetoka kwenye gari lililogongwa ambalo hakuna ajuaye lilitembea kiasi gani. Kama gazeti lako litapata nafasi ya kuongea na wakala wa Toyota hapa nchini, niulizie swali moja tu: kipande kimoja kipya ni shilingi ngapi, na je, wananiuzia mimi, au lazima ninunue betri nzima?

Ukiweza, waulize na la pili. Kwao Japan, Toyota huzikusanya betri za haibridi zilizokufa na kurejesha nikeli iliyomo. Hapa chini ya meza yangu kuna vipande 11. Sithubutu kuvitupa dampo, na siwezi kuviacha watoto wavichezee. Mzee wa chuma chakavu anapita na mkokoteni wake kila Jumanne, anaviinua kimoja kimoja akipima uzito kwa mkono, ananiuliza kama ndani mna shaba. Kesho ni Jumanne.

Wako,
Fundi umeme wa magari, Ilala, Dar es Salaam
(Jina langu mnalo, naomba lihifadhiwe)